Kikapu cha Mita Mia Nne

Mimi nakata nyasi kwenye uwanja ambako watu hurusha visahani vya plastiki mpaka viingie kwenye vikapu vya minyororo. Mwaka jana bosi aliweka kikapu kimoja mita mia nne kutoka pa kurushia, eti ndicho kitakachotupatia jina. Wachezaji wakifika hupiga picha kwenye kibao kilichoandikwa umbali huo, hurusha mara tatu, wakachoka, wakakatiza kwenda kwenye kikapu kinachofuata. Nyasi zimekanyagwa mpaka katikati tu.

Nilimwambia bosi kwamba hakuna anayekifikia. Akajibu, "Basi tukisogeze mbali zaidi, mzee."

Nikakisogeza. Mke wangu akiuliza kazi ikoje, namwambia ipo tu.

Kule mwisho sijakata miezi mitatu sasa. Nyasi zimekimeza kikapu, na hakuna aliyeuliza. Picha bado wanapiga.