Kichupa Kisicho na Saa

Wenzake zahanatini walimwita Bi Saa, naye hakuchukia. Miaka kumi na tisa, kila akifungua kichupa cha chanjo ya surua aliandika saa ubavuni, maana dawa ikishachanganywa na maji yake haipaswi kutumika zaidi ya muda wa saa sita. "Huyu hata mumewe kamwandika saa mgongoni," walimtania.

Jumatano alimchoma sindano mtoto mmoja wa Mama Mapacha. Pacha wa pili alibaki nyumbani na homa. Alhamisi yule aliyechanjwa akafa. Kufikia adhuhuri kila mdomo mtaani ulikuwa umetia chumvi: chanjo imeua, tena imeua watatu.

Ijumaa akaja mkaguzi, akaomba vichupa vya Jumatano. Bi Saa aliingia stoo, akafungua kopo. Vitatu vilikuwa na saa. Cha nne, kile cha marehemu, hakikuwa na kitu. Akakumbuka: mtoto alitapika sakafuni, akaiweka kalamu chini akafute.

Nje mjomba wa marehemu alikuwa akigonga mlango wa stoo kwa ngumi. Kazi ya miaka kumi na tisa ilisimama juu ya tarakimu moja, na nani angejua? Alichomoa kalamu, akaivua kifuniko. Aliogopa, aliogopa mno.

Akatoka. "Hiki sikukiandika saa," alimwambia mkaguzi. "Naamini nilikifungua saa nne, lakini ushahidi sina."

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!" mjomba alifoka. Kwenye benchi, Mama Mapacha aliitazama kalamu iliyo wazi mkononi mwa Bi Saa.

Bi Saa akasimamishwa kazi wiki tano. Majibu ya uchunguzi yakatoka: watoto tisa wengine wa kichupa kile walikuwa wazima, marehemu aliuawa na homa ya mapafu iliyomwanza kimyakimya kabla ya sindano. Akarudi kazini. Mabenchi yalikuwa matupu. Hayo majibu nani aliyaamini?

Karibu na adhuhuri aliingia mtu.

"Karibu, Mama Mapa..." Bi Saa akauma ulimi.

Mama alimpakata mtoto aliyebaki. "Sista, watu wanasema karatasi zimepikwa. Mimi karatasi sizijui. Ila siku ile ulitoka stoo na kalamu wazi mkononi, na hukuandika. Nilikuona." Akampandisha mtoto mkono wa shati. "Mchome. Ila saa uiandike nikiona."

Bi Saa alifungua kichupa kipya, akaandika ubavuni: tano na nusu. Mama akazisoma tarakimu kwa sauti.