Vichwa vya Samoni wa Wekesa

Kwa miaka mitatu samaki wa Wekesa waliingia nyumbani kwake Minto, mtaa wa Sydney, bila vichwa, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyeamini kwamba amewavua.

Kosa lake lilikuwa la kuzaliwa. Wekesa ni Mbukusu wa Kimilili, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya kuogeshea ng'ombe. Mtu kama huyo akikuambia amefuga kuku, unamvutia kiti umsikilize. Akikuambia ameingia ufuoni na kumtoa baharini samaki wa kilo tatu, unamtazama vile unavyomtazama fundi aliyeapa kumaliza kazi Ijumaa. Sisi Wakenya tulikuja Sydney na ramani yetu ya vipaji mkobani: huyu wa biashara, yule wa mbio, huyu wa kuku, yule wa samaki. Uwanja wa ndege walitunyang'anya asali na nyama kavu. Ramani hawakuiona.

Kwa ramani hiyo, mtaalamu wa samaki alikuwa Owuor. Owuor ni Mjaluo, watu wa ziwa na uvuvi, lakini wa Buruburu, Nairobi. Ziwa ameliona mara mbili, na mara moja ilikuwa kupitia dirisha la ndege. Samaki amemfahamu akiwa tayari amekaangwa, ana kachumbari ubavuni. Lakini katika kila sherehe, samaki akiwekwa mezani, watu humgeukia Owuor wasikie uamuzi. Naye, kwa kuwa heshima ya bure haikataliwi, hubonyeza samaki kwa kidole, hukinusa kidole, kisha hunyamaza kama daktari aliyeona picha mbaya.

"Huyu," akasema mwezi wa tisa nyumbani kwa Wekesa, "amenunuliwa."

"Nimemvua Jumamosi," Wekesa akasema.

"Kichwa kiko wapi, jo? Samaki wa kuvuliwa huja na kichwa. Samaki wa duka huja kama huyu, amenyolewa mpaka mabegani."

Wekesa alifungua mdomo, akaufunga. Abigail, mke wake, aliuona ule mdomo ukifunguka na kufungwa, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Tumjue basi huyu Wekesa. Siku tano kwa wiki husukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Liverpool, huko huko Sydney. Jumapili ni kanisa, na baada ya kanisa ni vikao vya kujadili vikao, yeye akiwa katibu. Jumamosi peke yake ndiyo yake. Saa kumi alfajiri hutoka na ufito wa kuvulia, boksi la barafu na chupa ya chai, akaelekea ufuo wa Wanda, kule Cronulla. Hurudi saa nne. Hana klabu ya mpira, hana baa, hana siasa za nyumbani. Mtu mtulivu kiasi hicho, ukimwangalia kwa makini, hutia wasiwasi.

Abigail alianza kumwangalia kwa makini. Naye hana haraka. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, amezoea kugundua nani ameficha vidonge chini ya ulimi. Aligundua mambo matatu. Samaki walikuja wamesafishwa vizuri mno kwa kazi ya mwanamume. Mikono ya mume wake ilinukia lavenda, na nyumbani kwao Minto hakuna sabuni ya lavenda. Tena mara nyingi alirudi na mfuko wa ndimu.

"Ndimu nazo umevua?" alimuuliza.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mtu wa pale."

Lakini lililomtesa zaidi ni kwamba Wekesa alijua mapema. Ijumaa jioni angesimama uani, anyooshe shingo, aangalie simu, kisha aseme, "Kesho watakuwepo." Nao wakawepo. Ijumaa nyingine angesema, "Kesho hakuna," asiende. Sasa, binadamu anajuaje leo kwamba samaki wa baharini atakubali kushikwa kesho? Abigail alilipiga hesabu jambo hilo kila upande, na jibu likawa lile lile: kuna mtu anapigiwa simu. Akiwa muuza samaki, nafuu. Akiwa mwenye sabuni, basi.

Wakati huo huo meneja wake alimwita ofisini. Zamu ya Jumamosi ilikuwa imepata nafasi, ya kudumu, na Abigail ndiye angekuwa kiongozi wa zamu. Ajibu kabla ya Jumatatu asubuhi. Akikubali, Wekesa angebaki na watoto kila Jumamosi, na habari ya bahari ingekwisha hapo.

Alimwambia mume wake wazi, akikunja nguo. "Kama kweli unavua, nitakataa zamu, uendelee na Jumamosi yako. Kama unanidanganya, Baba Shirleen, nitaichukua, na huo ufito utautumia kuanikia soksi. Kesho tunaenda na wewe. Mimi na shemeji Owuor. Watoto watashinda kwa mke wake."

Wekesa akatoka uani. Akanyoosha shingo. Akarudi na uso wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Kesho si siku," akasema.

Abigail aliweka shati chini polepole. "Ehe."

"Nisikilize. Majira haya ya kuchipua, samoni hupita kando ya ufuo kwa makundi. Wanapenda bahari iliyochafuka. Wimbi likivunjika na kufanya povu, wanaingia mle ndani kutafuta dagaa, kwa sababu dagaa hawawaoni. Upepo ukitoka kusini siku mbili, hapo ndipo. Sasa wiki nzima upepo umetoka kaskazini-mashariki. Bahari imelala, maji yamekuwa baridi na safi kama ya glasi. Samoni atakaa mbali. Twende wiki ijayo."

"Wiki ijayo Jumatatu itakuwa imepita."

"Najua."

"Kwa hiyo siku zote za miaka hii mitatu samaki wapo, ila siku ninayokuja mimi ndiyo maji yamekuwa glasi."

Mtu mwongo angesema, "Twende," kisha alfajiri aingie mtaroni na gari. Wekesa alisema kweli, na kweli hiyo ikamfunga kamba shingoni.

Wakaenda.

Wanda ulikuwa mzuri siku ile, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Jua lilitoka bila wingu. Maji yalilamba mchanga taratibu, na ungeweza kuona kokoto chini, mita ishirini mbele. Owuor alikuja amevaa viatu vya ngozi na koti la kanisani, kama hakimu aliyeletwa kukagua shamba lenye mgogoro.

Wekesa alitia dagaa kwenye ndoano, akarusha. Ile kurusha yenyewe ilikuwa nzuri. Mshipi uliimba, ukaenda mbali, ukatua bila kishindo. Abigail aliliona hilo akaliweka akilini, lakini hakulitamka. Mtu anaweza kujifunza kurusha popote, hata kwenye uwanja wa shule.

Saa nzima ikapita. Hakuna kitu.

"Mimi ningerusha kule," Owuor akasema, akionyesha kwa kidevu.

"Kule hakuna kina, Owuor. Ona rangi ya maji. Palipo na weupe ni mchanga. Hapa penye kijani ndipo mfereji ulipo, ndipo wanapopita."

"Sisi kwetu hatuangalii rangi."

"Kwenu Buruburu?"

Abigail alikohoa ili asicheke. Owuor akasogea mbele kuonyesha anajua anachofanya, na bahari, ambayo ilikuwa imelala asubuhi nzima, ikaamka mara moja tu na kuvijaza viatu vyake.

"Shem, umeona?" akalalamika akiruka mguu mmoja. "Mtu wako ametuleta hapa tuuawe."

Saa moja nyingine ikapita. Wekesa alishika ufito wake kwa mikono miwili. Abigail alikaa juu ya boksi la barafu tupu akaanza, kichwani, kupanga chakula cha wazee wa zamu ya Jumamosi.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka juu ya matuta ya mchanga.

"Wes! Wewe mjinga! Nilikuambia Alhamisi usijisumbue kuja!"

Abigail akasimama.

Mwanamke alishuka na mbwa mzee aliyekuwa mnene kuliko yeye. Alikuwa na miaka sabini na kitu, kaptula ya mwanamume, miguu iliyochomwa na jua mpaka ikafanana na mkoba wa zamani. Aliitwa Jacky. Alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote, na bado alizungumza kama anawaambia watu wakae chini. Akamkumbatia Wekesa kwa mkono mmoja. Lavenda ile ikafika puani mwa Abigail.

"Huyu ndiye mtu wa pale?" Abigail akauliza kwa Kiswahili.

"Ndiye," Wekesa akasema. "Ndiye aliyenifundisha. Nilikuja hapa mwaka wa kwanza nikarusha ndoano nikajinasa kofia. Yeye ndiye aliyeniambia habari za upepo. Naoshea samaki kwake, nyuma ya gereji. Ana meza."

"Na miaka mitatu umeshindwa kusema 'Jacky'?"

"Ningesema naosha samaki kwa mwanamke, ungesemaje?"

Abigail alifikiria angesemaje.

Jacky, ambaye hakuelewa hata silabi moja lakini alielewa ndoa, akamnyooshea Abigail mkono. "Wewe ndiye mkewe. Hatimaye. Kila siku namwambia akulete, anasema unafanya kazi. Njoo uchukue ndimu. Miti yangu imelipuka tangu mume wako aanze kuniletea vichwa."

"Vichwa gani?" Abigail akauliza, sasa kwa Kiingereza.

"Vya samoni! Nazika kila Jumamosi. Hakuna mbolea kama hiyo duniani."

Wekesa akalaza ufito mchangani.

"Unazika?" akamuuliza Jacky.

Wakaenda kuona, wote wanne na mbwa. Nyumba ya Jacky ilikuwa mitaa miwili nyuma ya matuta, na uani kulikuwa na mindimu mitatu iliyobeba mpaka matawi yanagusa nyasi. Abigail akaomba koleo. Hakuhitaji kuchimba sana. Mbwa alikuwa ameshamsaidia. Taya moja ikatokea, kisha nyingine, pana, zenye meno madogo, kisha fuvu zima la samaki mkubwa, jeupe, likimtazama kwa tundu moja. Alifukua mpaka akachoka. Hakuna duka Sydney nzima linalouza vichwa vingi hivyo.

Alimgeukia Owuor. "Shemeji, hawa wamenunuliwa?"

Owuor aliinama, akabonyeza fuvu kwa kidole. Hakukinusa. "Aki hawa ni wa kuvuliwa," akasema. "Nilikuwa nasema tu."

Lakini Wekesa hakuwa anasikiliza ushindi wake. Alisimama chini ya mndimu kama mtu aliyekuta barua zake za mapenzi zikifungiwa mandazi.

"Mimi nilidhani anakula," akamwambia mkewe.

"Ale vichwa? Mzungu?"

"Kwetu kichwa ni cha mkubwa. Mzee wangu angali hai Kimilili. Kichwa chake siwezi kukila mimi, na siwezi kukitupa. Sasa hapa mkubwa ni nani? Nikatazama ufuoni nikaona huyu mama ndiye mkubwa kuliko wote. Kila Jumamosi nampa kwa mikono miwili. Ananiambia asante, ananipa ndimu." Akaugusa mndimu. "Miaka mitatu, Mama Shirleen. Anaupa mti."

Abigail alitaka kukasirika. Kulikuwa na nafasi nzuri ya kukasirika: mwanamume anagawa vichwa vya nyumba yake Cronulla kama chifu, bila hata kumuuliza mwenye jiko. Lakini alikumbuka ule mdomo uliofunguka na kufungwa mbele ya Owuor, akaelewa ulikuwa umefungwa kwa sababu gani. Mtu asingeweza kusema mbele ya wageni kwamba kichwa cha baba yake amempa dereva wa basi.

"Wes, kuna shida?" Jacky akauliza.

"Hapana," Wekesa akasema, akimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. "Hakuna shida, Jacky."

Wakapanda gari kurudi Minto. Owuor alikuwa kiti cha nyuma, soksi zake zimeanikwa dirishani. Abigail akatoa simu, akamwandikia meneja, akasoma kwa sauti alichoandika: anashukuru, lakini Jumamosi hatapatikana.

Wekesa aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu Ijumaa. "Asante, Mama Shirleen. Kwa kuniamini."

"Sijasema nimekuamini. Nimesema Jumamosi sitapatikana."

"Utakuwa wapi?"

"Nitakuwa na wewe. Mimi na watoto. Shirleen atabeba ndoo. Samaki tutaoshea nyumbani, na vichwa vyote vitapita mikononi mwangu. Mambo ya kugawa heshima kwa majirani wa bahari yamekwisha."

"Hata mimi nitakuja," sauti ya Owuor ikasema nyuma. "Mtahitaji mtu anayejua samaki."

Wekesa aliendesha. Miaka mitatu alikuwa na saa sita kwa wiki ambazo hakuna mtu aliyemwita baba, ndugu, katibu wala wewe hapo. Alikuwa amezipigania, akazishinda, na sasa zilikuwa zimejaa watu watano na ndoo.

"Kwa hiyo Jumamosi ijayo hali itakuwaje?" Abigail akauliza. "Wewe si unajua mapema."

Wekesa alijua. Upepo wa kusini ungeingia Alhamisi, ungevuma Ijumaa kutwa, na Jumamosi alfajiri ungetulia na kuacha povu kila mahali. Ingekuwa Jumamosi bora kuliko zote tangu majira yaanze.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Bora mlale."

Abigail akafungua simu tena, akaandika neno moja kwa kidole, Wanda, akangoja ramani ya upepo itokee.