Msumeno Kati ya Mashine za Gemu

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu ulishuka tangu alfajiri, na hata saa nne baridi ilikuwa haijaachia. Jirani alikuwa anapasua mbao, harufu ya paini mbichi ikaingia hadi jikoni, ikanirudisha kwenye asubuhi nyingine hapahapa Mafinga, nikiwa darasa la tano. Ninaandika kama ninavyokumbuka. Mimi si msomi, na huenda mahali fulani ninajipendelea bila kujua.

Mwaka ule kaka yangu Oresto, aliyekuwa anajifunza useremala, aliunganisha mashine tatu za gemu, zile za zamani za kaseti, ndani ya sanduku moja la paini. Mbili zilikuwa zetu, lakini hazikuwa na adapta. Ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu Atupele wa nyumba ya pili, na adapta yake ilikuwa nzima. Umeme uliingia kwenye mashine ya Atu ukapita kwenye zetu, waya mmoja ukaenda kwenye runinga, na swichi ya ukutani yenye vitufe vitatu ikachagua mashine ya kuwaka. Sanduku lililala wiki kwetu, wiki kwao. Ila Oresto alifanya kosa la mtu wa mbao: zile bodi za ndani, vibao vya kijani vyenye saketi, hakuzifunga kwa skrubu. Alizigandisha kwa gundi ya mbao, kama anayetengeneza kabati.

Ndipo baba yake Atu akapata kazi Mbeya. Lori lilikuja Jumamosi, vyombo vikapakiwa, na Mama Atu akaingia uani kwetu.

"Oresto mwanangu, kila mtu na chake. Dereva hasubiri."

Hakukosea, mashine ilikuwa yao. Oresto alikata nyaya, akajaribu kubandua bodi ya Atu kwa patasi. Ikalia kama biskuti. Akaacha.

"Haitoki, mama. Nikilazimisha inavunjika. Labda nikate sanduku lenyewe."

"Kata, baba. Hata ukinipa na kabati, nitabeba."

Kati ya bodi yao na yetu nafasi haikufika upana wa kidole. Atu alishika upande wake, mimi wangu, msumeno ukaanza. Lori lilipiga honi.

"Shikeni vizuri!" Oresto akasema. "Ubao ukicheza, msumeno unakula bodi."

Atu alinikazia macho. "Wewe, acha kutetemeka."

"Baridi," nikamjibu.

Katikati, msumeno ulianza kuelekea kwetu. Niliuona. Nikavuta ubao kidogo, au mkono ulitetemeka tu, sikujua hata siku ile. Mara msumeno ukala kona ya bodi ya Atu, vipande vya kijani vikaanguka kwenye vumbi la mbao. Honi tena.

"Nimekosea mimi," Oresto akasema.

Mama Atu alifunga kipande chao kwenye kitenge. Atu hakuniaga. Yao haikuwaka tena Mbeya, na zetu hazikuwaka tena hapa, kwa kuwa adapta iliondoka na lori.

Leo mwanangu ana gemu asizozimaliza kwenye simu moja. Hamhitaji mtu wa nyumba ya pili ili gemu iwake. Sisemi ni vibaya, maana hagombani na mtu pia.

Mimi na Atu tumeonana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana vizuri, lakini la sanduku hatujaligusa. Mchana huu nikampigia simu, nikamwambia: siku ile nadhani nilivuta.



"Wewe naye," akasema. "Kwani msumeno ulikuwa unakuja wenyewe tu kwenu? Nilikuwa navuta mimi. Ulinizidi nguvu, basi."

Sasa sijui nimwambieje Oresto, aliyebeba kosa letu sisi wawili miaka yote hii. Nimekata simu, nikaenda kusonga ugali. Tumekula na maharage na parachichi.