Rangi Isiyokuwa na Jina

Harufu ya ngege waliopasuliwa na kuanikwa haijaniacha, ingawa siku hizi ninaishi Lodwar, mbali na ufuo. Hunirudisha Eliye Springs, kwenye mikoma inayopigwa na upepo wa ziwa, kwa nyanya aliyetulea mimi na dada yangu mkubwa, Akiru. Likizo zetu zilikuwa za kugeuza samaki: upande mmoja ukikakamaa, tunawalaza kwa wa pili. Kwa hiyo siku nilipomwona mgeni wa kike, Mzungu, amelala kifudifudi mchangani jua likiwa utosini, kisha akajigeuza chali, nilielewa mara moja kwamba anajianika. Nilichotaka kujua ni nani angemla.

Nyanya alikuwa na namna yake ya kusema rangi. Kama wafugaji wengi wa rika lake, alikuwa na jina la kila ngozi ya mifugo: weusi unaong'aa, wekundu wa udongo, kijivu cha majivu, mabaka ya ubavuni. Watu nao aliwaita vivyo hivyo. Mimi nilikuwa ndama wa kahawia. Akiru alikuwa ng'ombe mweusi, yule ambaye mvua ikimnyeshea humeremeta. Sikumsikia Nyanya hata mara moja akisema rangi hii inaishinda ile. Kwake mnyama mbaya alikuwa mnyama aliyekonda.

Msimu huo nyumba moja ya wageni ilitafuta msichana wa mapokezi. Akiru alikuwa amemaliza shule, Kiingereza chake kimenyooka, na kazi hiyo ingemwondoa kwenye samaki. Lakini dereva mmoja aliyekuja kununua ngege alimwambia huku akicheka, "Mapokezi huwekwa mtu mweupe, dada. Wewe wageni wataona meno tu." Juma lililofuata Akiru akapanda lori kwenda kwa shangazi yetu Kakuma. Alirudi na kikopo cha mkorogo aliochanganyiwa na mama Mkongomani, msusi wa kambi ya wakimbizi. Akiru alituigizia sauti yake, ya watu wanaomwita dada "yaya": "Paka tu, yaya, utakuwa muzuri, jua yenyewe itakuogopa."

Mwanzoni uso ulitakata kweli, nami nikawa namzunguka nikimchunguza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hakikukawia. Mashavu yaliwaka, yakachubuka, akawa hawezi tena kukaa juani na samaki. Alikuwa amejifunika shuka chini ya mikoma pale yule mgeni alipokuja kuomba kivuli, mabega yamewiva kama pilipili na ngozi inabanduka. Wakatazamana, wote wawili wakiwa wamechubuka. Nyanya akamsalimu kwa lugha yetu, "Ejok," akaleta mafuta ya mbuzi, akampaka mmoja, kisha mwingine.

"Muulize," akamwambia Akiru, "kwa nini anajichoma na hakuna aliyemkosea?"

Mgeni alijibu kwamba kwao weupe uliozidi ni sura ya mgonjwa, au ya mtu aliyefungiwa ofisini mwaka mzima. Akirudi na rangi ya jua, wenzake watamwonea wivu. Akiru akatafsiri. Nyanya alicheka hadi machozi yakamtoka. "Basi mngekutana njiani mkabadilishana!"

Hapo nikauliza nililokuwa nimelibeba siku nyingi: sasa Akiru ni ng'ombe wa rangi gani? Nyanya akaacha kucheka. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamkagua kama mnunuzi wa mifugo sokoni Lokori. "Hii," akasema taratibu, "sina jina lake."

Akiru akalia. Siku ya usaili hakutoka nyumbani, kwa kuwa mashavu yalikuwa mabichi kama nyama. Nyanya alimsihi, "Nenda hivyo hivyo, wanataka ulimi wako." Hakwenda. Kazi ilipewa msichana kutoka Kerio, na Nyanya alipomwona akamwita ng'ombe mweusi, jina lile lile alilokuwa akimwitia Akiru.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikapata maelezo: ukoloni, biashara, matabaka. Siyakatai. Ila bado najiuliza ni nani aliyewanong'oneza wale wawili, waliozaliwa mbali hivyo, kwamba uzuri umelala upande wa pili.

Desemba iliyopita tulirudi ufuoni, Akiru akiwa na mwavuli asioachana nao na madoa mawili yasiyofutika mashavuni. Wageni bado wamelala mchangani. Mkorogo bado unauzwa mjini, ila vikopo vyake vimependeza zaidi. Binti yangu akatupiga picha, na simu, bila kuombwa, ikatung'arisha sote. Akiru akaitazama picha.

"Huyu ni ng'ombe wa nani?" akauliza, tukacheka.

Kisha akafunga mwavuli. "Piga tena, mwanangu. Na hiyo kitu yake ya kung'arisha, izime."

Jua likamkuta usoni, pamoja na madoa yake, naye hakujigeuza.