Nilisoma Muhtasari wa Zabuni Mkutanoni, Mume Wangu Akakatwa Mkono

Habari za kazi admin. Jina langu usiliweke, na kijiji pia usikitaje, sema tu tuko upande wa Ziba.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wanne, tunalima pamba na alizeti. Mwaka huu nilichaguliwa katibu wa kamati ya manunuzi ya ujenzi wa wodi ya wazazi hapa kijijini. Nilikubali kwa sababu mtoto wangu wa tatu nilimzalia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda Nzega.

Mafundi watatu walileta bahasha za zabuni. Tulizifungua mchana, watu wakiangalia, akashinda fundi mmoja wa Nzega. Niliandika muhtasari, wote tukasaini. Siku nne baadaye nakuta tangazo ukutani kwamba kazi kapewa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huyu hakuleta bahasha kabisa, na hajawahi kujenga hata choo. Nilipomuuliza mwenyekiti wa kamati, akaniambia muhtasari mwingine umeshaandikwa, nisaini tu, si kazi imebaki kwenye ukoo wangu.

Sikusaini. Mkutano wa kijiji ulipofika nikasimama na muhtasari wetu wa kwanza, nikausoma wote, majina na sahihi. Watu wakachafuka, wakitaka kazi apewe aliyeshinda. Shemeji akanifuata akanipiga ngumi ya mdomo. Nikaanguka, akawa ananikanyaga mbavuni akiitaka ile karatasi. Niliilalia. Mume wangu alipokuja kumshika, shemeji akachomoa panga lililokuwa limefungwa kwenye baiskeli ya mtu. Mume wangu akainua mkono kujikinga. Hospitali hawakuweza kuuunga, wakauondoa juu ya kiwiko.

Watu walimvamia shemeji kwa mawe na fimbo, wangemuua pale pale. Aliyewaomba wamwache ni mume wangu, damu ikimwagika.

Sasa shemeji yuko mahabusu na ujenzi umesimamishwa. Wachunguzi wanautaka muhtasari, na Jumatatu natakiwa kutoa maelezo. Mama mkwe, aliyenilelea wanangu wote, alinipigia magoti hospitalini, wodini alikolazwa mume wangu. Akasema, "Mwanangu, mmoja hana mkono tena. Huyu mwingine usinifungie." Nikamgeukia mume wangu nikitegemea atanitetea. Akaniambia taratibu, "Sema tulikuwa tunagombania shamba, yaishe kifamilia."

Nikisema shamba, waliogeuza zabuni wanapona wote, na wodi atajenga mtu asiyejua hata kupima msingi. Nikisema ukweli, mume wangu ameniambia nisirudi kwake. Mbavu bado zinaniuma nikipumua, na huyu mwanaume bado nampenda, alisimama mbele ya panga kwa ajili yangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa wanawake wenzangu, ingekuwa ni ninyi, Jumatatu mngesema lipi?