Jino la Ishaka Ndani ya Pijo

Msabaha wa Mapinga ana vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili vililiwa na gia boksi ya lori, naye siku ile ile aliipiga boksi hiyo nyundo mpaka mwenye lori akalia kama aliyefiwa. Ndivyo alivyo. Chuma kikimkaidi hukipiga, mtu akimkaidi humpiga. Mimi nakaanga vitumbua mkabala na gereji yake, na wallahi nimeshaona betri nzima ikipita juu ya kikaango changu.

Mwaka huu Fidahussein, mwenye duka la vyombo Bagamoyo, alimletea Pijo ya marehemu baba yake, gari lenye umri wa kuwazidi wengi wenu. Gia ya tatu ilikuwa ikichomoka yenyewe kilimani, na breki zake ni za kubembeleza. Mara ya mwisho lilirudi nyuma likaponda mbuzi wawili na ukuta wa choo, na aliyekuwamo chooni mpaka leo hajarudi kuchukua kanzu yake.

Msabaha akaapa mbele yetu sote. "Ijumaa gia hii ikichomoka tena, naacha ufundi, nakwenda kumfulia nazi mama mkwe."

Ishaka, kaka wa mkewe Batuli, fundi naye wa kule Mbegani, alikuja kumsaidia kushusha boksi. Akacheka. "Mama anataka mfua nazi mwenye vidole kamili, shemeji."

Msabaha akalala chini ya gari, Ishaka akashika kamba. Kamba ikamponyoka, au aliiachia, Mungu anajua. Boksi lote likamtua Msabaha kifuani na mbavu zikalia kama kuni kavu. Akatoka akitema damu, lakini kazi kwanza. Akalifungua boksi juu ya meza. Ringi za shaba zilikuwa zimelika, nyembamba kama pete ya bibi, na meno ya gia yamekuwa butu. Hivyo alikuwa na vya kubadilisha. Kilichokosekana ni goroli, ile ya kukaa juu ya springi na kuishika gia isitoke. Ya zamani ilikuwa imebaki nusu, na Dar nzima hakuna nyingine.

"Kachonge kifuo, shemeji," Ishaka akasema. "Nazi zinakungoja."

Spana ya Msabaha ikamtua mdomoni. Ishaka akamzungushia mnyororo shingoni, akamgonga kichwa kwenye bodi mara tatu, bodi ikabonyea. Msabaha akamng'ata sikio. Spana ikarudi mara ya pili, na gego la Ishaka likaruka, likapita mbele ya pua yangu, mimi niliyesogea mezani kutazama, likatumbukia ndani ya boksi, ting, palepale penye tundu la goroli.

Wote wawili wakainama juu ya boksi.

Msabaha akaliosha kwa petroli, akalipiga tupa kidogo, akalipachika juu ya springi, na boksi likarudi garini.

Ijumaa tukapanda kilima. Fidahussein na mimi nyuma, Msabaha kwenye usukani, Ishaka pembeni yake, shavu kama embe, koleo mkononi.

"Nipe jino langu nikalizike," alisema. "Jino la mtu haliachwi ovyo, litaokotwa na hasidi."

Katikati ya mlima akaudaka mkono wa gia kwa mikono miwili akauvuta. Msabaha akamvunja pua kwa kiwiko. Ishaka akavuta tena, damu zikaruka mpaka kwenye baibui langu. Gia haikutoka. Tulifika juu na gia ya tatu yetu.

"Ufundi siachi," Msabaha akasema, akihema. "Sasa litoe jino lako, shemeji."

Ishaka akaushika mlango ashuke kulitoa, lakini Fidahussein akamshika bega. "Likitoka, gari langu halipandi. Likibaki, wewe hulali. Basi liendeshe wewe, ukae nalo."

Tangu siku hiyo Ishaka ndiye dereva wa Pijo. Gia ya tatu ikiingia hushika shavu lake, akadai jino linamuuma. Na Msabaha akija kukagua oili, Ishaka humlaza yeye chini ya gari, kisha akasimama kichwani pake na spana, akimhesabia meno.