Sale Siyo Sare

Nesi wa zahanati aliuliza, "Ameumiaje?" Baba mdogo, mgonjwa mwenyewe, akafungua mdomo kusema ameanguka. Kwetu, juu huku kwenye miteremko ya Meru, watu huanguka sana: wanateleza mferejini, wanaangukiwa na migomba, na hakuna anayewauliza zaidi. Lakini mimi nilimtangulia.

"Amepigwa," nikasema.

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi leteni PF3 kwanza, fomu ya polisi."

Baba mdogo, aliyenilea tangu baba yangu afariki, alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akasema, "Haya, wakili. Twende kwa hao polisi wako."

Sikuwa wakili. Nilikuwa na shahada ya sheria na kazi ya kutoa nakala kwenye duka la steshenari mjini, Kwa Mrombo. Siku hiyo nilikuwa nimepanda nyumbani kusaidia kuchuma kahawa, na kutoka kwenye mibuni niliona kila kitu. Jirani yetu alikuwa amesogeza masale, mimea ile ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka wa shamba, akayapanda upya ndani ya upande wetu. Baba mdogo akang'oa mmoja. Jirani akamchapa kwa mpini wa jembe. Mfupa niliusikia.

Kituoni, askari wa zamu aliuliza nani amempiga. Nikamtaja.

Jirani aliwekwa ndani, akatoka kwa dhamana, na Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaja kwetu na mkewe na mzee mmoja wa ukoo wao. Mkononi alikuwa na jani la sale lililopigwa fundo. Mtu akikuletea hilo, amekubali kosa na anaomba umsamehe, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Baba mdogo alilipokea kwa mkono mzima. Bibi akaleta loshoro, mahindi na maziwa mgando, tukala wote kwenye bakuli zilezile tunazokulia siku zote. Mke wa jirani alilia kidogo akijifanya ni moshi.

"Imeisha," baba mdogo akasema walipoondoka.

Haikuisha. Nikaitwa mahakamani kama shahidi.

"Kesi tumeshaimaliza," alisema nilipomwambia.

"Baba, kesi si yetu. Ni ya Jamhuri."

"Jamhuri ndiyo ilivunjika mkono?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri, la darasani kabisa, kwamba anayempiga mtu mmoja amevunja amani ya wote. Lakini nilimwona akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, nikamfungia.

"Wewe useme hukuona," alisema. "Ulikuwa kwenye mibuni. Mibuni ina majani mengi."

Nilirudi mjini na ile kauli. Nikiwa natoa nakala za vyeti vya watu nilifikiria, nikakosea, nikatoa kurasa nyeupe. Nikisema sikuona, nitakuwa nimeapa kwa Biblia na kudanganya. Nikisema niliona, jirani atafungwa msimu wa kahawa, na mkewe atabaki na watoto na shamba, na ni mimi nitakayekuwa nimemfunga mtu aliyesamehewa. Nikajiambia kwamba mila yetu ina hekima kuliko sheria. Kisha nikamkumbuka mjane wa kule chini kwetu. Shemeji yake alikuwa akimpiga na kumletea sale, anampiga tena na kuleta tena, na yeye alipokea kila mara kwa sababu hana ruhusa ya kukataa. Nikajiambia kwamba sheria ina hekima kuliko mila. Nikageuka hivyo wiki nzima, mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Siku ya kesi, jirani alikuja amevaa suti yake ya kanisani. Akakaa benchi moja na mimi, nje ya mlango wa mahakama. Sikujua niweke wapi mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wakili. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa." Sikuwa nimekunywa.

Akatazama viatu vyake. "Ukisema umeniona," akasema taratibu, "mimi sitakuita mwongo."

Angenitisha ningepata nafuu.

Baba mdogo alitangulia kuingia. Nilisikia watu wakicheka ndani, na sababu niliijua baadaye. Alisema aliteleza, na hakimu akamuuliza, "Uliteleza ukaangukia mpini wa jembe?" Yeye akajibu, "Ulikuwa karibu, mheshimiwa."

Kisha nikaitwa mimi. Niliapa. Mwendesha mashtaka akauliza kama nilimwona mshtakiwa akimpiga mlalamikaji. Baba mdogo alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatazama dirishani.

"Nilimwona."

Mwendesha mashtaka akaanza kukaa, nami nikaogopa kwamba ukweli utaishia hapo, nusu. "Lakini alileta sale," nikasema haraka.

Hakimu, mtu wa Pwani kwa lafudhi yake, akainua kichwa. "Alileta nini?"

Hofu ikanipanda, na ulimi wangu ukafanya kile ambacho ndimi nyingi za kwetu hufanya zikibanwa. "Sare, mheshimiwa."

"Sare za shule?"

"Hapana. Sare ya... ya kusameheana."

"Kwa hiyo walitoka sare?"

Watu wakaangua kicheko. Hata jirani alicheka, kizimbani pale, akaziba mdomo. Baba mdogo hakucheka. Nikashika ukingo wa kizimba cha mashahidi na kuanza upya, polepole: kwamba ni jani, kwamba hupigwa fundo, kwamba anayeletewa hawezi kukataa, kwamba lilipokewa na tukala pamoja.

Hakimu aliandika muda mrefu. Kisha akauliza, bila dhihaka, "Na Jamhuri, ililetewa hilo jani?"

"Hapana, mheshimiwa."

Jirani alitiwa hatiani. Hakimu alisema amezingatia kwamba wamepatana, akampa kifungo cha nje: kufyeka na kufagia uwanja wa zahanati yetu. Kila anayekwenda kutibiwa humkuta pale na ufagio. Vijana wa bodaboda, waliosikia habari ya sare, humwita "Afande".

Nilidhani nimefanya vizuri, kadiri ilivyowezekana. Nyumbani hakuna aliyenisemesha mpaka tumemaliza kula. Ndipo baba mdogo akasema, "Kata sale umpelekee."

"Kwa kosa gani? Nilisema kweli."

"Ndiyo hilo."

Nilikata jani mpakani, nikalipiga fundo, nikalifungua, nikalipiga tena. Jirani alikuwa uani kwake, ametoka zahanati, ananawa miguu. Mkewe alikuwa anapepeta maharage. Nilisimama na jani mbele yangu, kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alilitazama jani, hakuligusa. "Umelikata wapi?"

"Mpakani."

"Upande upi?"

Mkewe akaweka ungo chini. Wakati wa kupatana hakuna aliyegusa suala la mpaka. Masale yalikuwa bado pale alipoyapanda yeye. Ningeweza kusema sikuangalia. Mibuni ina majani mengi.

"Pale ulipoyasogeza," nikasema.

Maji yalimchuruzika miguuni. Akamgeukia mkewe. "Unamsikia huyu? Hata akiomba msamaha, anatoa ushahidi."

Mkewe hakucheka. Jirani akajifuta mkono kwenye suruali, akalipokea jani. Kwa mila zetu hakuwa na njia nyingine, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nalikata.